Simu ya Hashim Mstarini

Salha, uko wapi? Shika simu! Hashim wetu kajiaibisha mbele ya Timbwani nzima.

Si unajua alivyochoka kuambiwa anapendelea akishika kibendera? Basi leo fainali kaja na simu yake, kaifunga kwenye kijiti pale pale mstarini. "Kukizuka ubishi wa ofsaidi, video iamue." Kasema mwenyewe, Salha! Mwenyewe!

Dakika za mwisho Dishon wa Changamwe katufunga. Hashim kibendera juu. Ofsaidi! Uwanja ukawaka moto. Yeye katulia tuli, anatabasamu, nadhani akijua simu haikunasa kitu: "Jamani, ubishi wa nini? Tazameni video."

Refa kaichukua simu, kaifungulia sauti yote. Watu wamejazana, na Mzee Sharif, babake Swabra, kapishwa akae mbele. Picha safi kabisa. Dishon hajaotea hata kidogo.

Halafu ikaja sauti. Ya Hashim, kando ya simu, anajinong'oneza: "Ya Rabbi nisamehe, hii si ofsaidi. Lakini kipa ni kakake Swabra, na Ijumaa napeleka posa."

Wallahi wameirudia mara tatu! Na hiyo posa Swabra alikuwa hata hajamdokezea babake!

Bao likakubaliwa, kombe likaenda Changamwe. Hashim hajui auweke wapi uso. Mzee Sharif kainuka taratibu, kajikung'uta kanzu, kamwambia:

"Ijumaa karibu, mwanangu. Ila sisi tutazungumza na simu yako. Hiyo ndiyo mkweli."