Redio ya Motokari Iliyobaki Nyuma ya Ukuta

Papa Neema,

Redio yako ilinyamaza Jumatano saa tisa muchana, katikati ya jina la mutu. Musomaji wa matangazo alikuwa anasema kuna familia ya kule kwenu Masisi inatafuta muzee wao aliyepotea njiani, akasema "anaitwa," halafu kimya. Nikangoja. Nilifikiri ni station imekatika, kama inavyokatika umeme ukienda. Lakini taa ilikuwa inawaka na namba za station zilikuwa pale pale, kijani kama kawaida. Sauti tu ndiyo haikuwapo.

Sijakuandikia tangu tukuzike. Neema aliniambia kwa simu, kutoka Bukavu, kwamba kuandika kunapunguza muzigo. Nikamujibu kwamba papa yake hakupenda kusoma hata karatasi ya munganga. Lakini leo niko na mambo ya kukuambia, na ni mambo ya motokari, nitamuambia nani mwingine?

Kwanza ujue iko wapi. Iko pale pale ulipoiegesha siku ile ulipotoka Sake na homa, ukashindwa kushuka mwenyewe, tukakushusha mimi na Neema. Ila parseli, kiwanja chetu, si ile uliyoiacha. Matanga yalipoisha tu, mudogo wako Bahati alikuja kutoka Katindo na karatasi yenye jina la papa yenu, akasema ardhi ni ya familia, mimi ni muke tu, nishukuru kuachiwa nyumba. Akauza sehemu yote ya mbele. Mimi sikuwa na karatasi. Nilikuwa na kitambaa cha msiba kichwani na mashine yangu ya kushona.

Aliyenunua ni mujane kama mimi, Mama Zaina, muuza samaki wa kukausha. Familia yake ilitoka Maniema zamani. Akajenga nyumba, akapandisha ukuta wa mawe meusi hadi juu ya kichwa changu. Ukuta unapita mbele ya pua ya motokari, unakunja kona, unafuata ubavu wa dereva karibu hadi mulango wa nyuma. Kwa ajili yetu walibakiza njia nyembamba inayopita mbele ya jikoni yake. Mutu mwenye beseni kichwani anapita. Motokari haipiti.

Nikaapa kiapo cha kijinga. Nilisema mbele ya Bahati kwamba sitakanyaga mbele ya jikoni ya huyo mwanamuke maadamu motokari ya bwana yangu imefungiwa. Nikakishika. Miezi munane, Papa Neema! Wateja wanakuja na vitambaa hapa hapa, ndio wananinunulia unga na makala ya jiko. Mama wa kwaya walikuja mara mbili, wakachoka. Naamka, nashona, nalala, na kila upande nikigeuka naona mawe. Na wewe sikuja kukuona hata siku moja. Nilikuahidi nitakurudisha kwenye vilima vyenu, barabara ya Masisi ikafungwa kwa ajili ya vita, na mpaka leo haijafunguliwa. Tukakuweka hapa Goma kwa haraka, kati ya watu tusiowajua. Nilisema nitakuja kung'oa majani siku motokari itatoka. Haikutoka. Na mimi sikutoka.

Kitu kilichobaki ni redio. Kila muchana naacha mashine, nakaa kwa kiti changu, kile cha abiria, nasikiliza matangazo. Batri inakula jua kwa ile paneli ndogo uliyoifunga juu ya bati la jikoni. Nasikiliza kama watataja barabara yetu, kama watataja kijiji chenu. Wakimaliza, wanapiga muziki, nakumbuka ulivyokuwa unapunguza sauti tukianza kupanda kilima. Abiria wakilalamika unawaambia, "Muziki hautatupandisha. Muniache nisikie moteri." Walikuwa wanakasirika, halafu tukifika juu unawafungulia sauti yote, wote wanaimba.

Basi Jumatano ikanyamaza. Alhamisi, bila kuitwa, Bahati akaja. Nilikuwa ndani ya motokari nazungusha kifungo cha sauti huku na huku. Akapiga boneti kwa kiganja, akasema, "Shemeji, hata redio imekufa sasa? Basi hii ni chuma tu. Jumamosi naleta watu waikate vipande. Vipande vitapita kwa njia."

Niliona aibu, sijui kwa nini, kama vile amenikuta na mugonjwa nisiyejua kumutunza. Alipoondoka nilivuta sanduku lako la vyuma kutoka chini ya kitanda. Lilikuwa bado lina harufu ya mikono yako, ile ya mafuta na sabuni ya unga. Nikalifunika tena. Halafu nikalifunua.

Miaka ile yote nilikuwa nakushikia tochi. "Si kwa uso wangu, Mama Neema, kwa waya!" Nilikuwa nasinzia, nawaza vitambaa vya watu, na nilidhani sikusikia kitu. Ijumaa asubuhi nilipoweka turnevisi, ile bisibisi yako, kwa skrubu ya kwanza, maneno yako yakaanza kurudi, moja moja, hata na kikohozi chako. Ulisema mutu asikimbilie kufungua redio, aanze na vitu vya bure. Nikaangalia kama sauti haijapelekwa yote upande mumoja. Hapana. Nikaangalia fizible, kile kidude chenye kauzi ndani. Kauzi kalikuwa kazima, na taa inawaka, kwa hiyo moto wa batri unafika. Nikavuta redio nje polepole, na nyaya zake zote nyuma kama matumbo ya kuku.

Hapo nikazihesabu nyaya mara mbili. Nikakaa kidogo.

Nilikumbuka kwamba kila bafle, kile kispika cha kutoa sauti, kina nyaya zake mbili za rangi moja. Nikazichomoa zote. Nikachukua bafle ya ile redio ya nyumba iliyoharibika, nikaifunga kwa nyaya mbili za kwanza nyuma ya redio, nikazima, nikawasha tena. Papa Neema, mwanamuke mumoja akaanza kusoma habari ya mvua ndani ya mikono yangu! Redio haikuwa imekufa. Nilipiga kelele peke yangu kama mwendawazimu.

Basi shida ilikuwa mbele, kwa nyaya. Nikarudisha bafle moja moja. Ya nyuma kulia, sauti. Ya nyuma kushoto, sauti. Ya mulango wangu, sauti, tena nzuri. Nilipounga ya mulango wa dereva, zote nne zikanyamaza kwa mara moja. Nikachomoa, nikazima, nikawasha, zikarudi. Nikaunga tena, kimya. Nikakusikia unamueleza mutu fulani, abiria au fundi, simukumbuki: waya ikigusa chuma cha motokari, redio inajifunga isiungue.

Sasa lazima nikuungamie.

Mulango wako haufunguki tena. Unafunguka upana wa kiganja, halafu unagonga ukuta wa Mama Zaina. Na mimi, kila muchana, kabla ya kuingia kwa upande wangu, nilikuwa napita kwanza upande wako, nashika mulango, naugonga kwa ukuta wake. To! To! To! Mara tatu. Ili asikie. Ili ajue kwamba kuna mutu hapa nyuma amefungiwa. Mvua inyeshe, niwe mugonjwa, niligonga, hadi redio iliponyamaza. Wakati mwingine hiyo ndiyo ilikuwa furaha yangu ya siku. Nilipoingiza tochi Ijumaa kwenye ule upenyo, niliona bawaba imepinda, na waya ya bafle imebanwa pale mulango unapokutana na mwili wa motokari. Ngozi yake imekatika, shaba iko nje, inagusa chuma. Si uzee, si panya. Ni mimi. Miezi munane nilikuwa nagonga sauti yako mwenyewe hadi ikakatika.

Nilikaa chini, kwa mawe, na tochi inawaka mapajani.

Nilikuwa bado pale niliposikia mutu kwenye njia. "Hodi. Mama Neema? Uko muzima?" Ni yeye. Alisimama kwa kona na mikono ina chumvi ya samaki, hakuthubutu kusogea. Akasema, "Siku mbili sijasikia mulango. Na matangazo sisikii. Nikasema labda umeanguka humu peke yako."

Nilitaka kumufukuza. Niliyatafuta maneno niliyoyaweka miezi yote hiyo, yalikuwa mengi, nilikuwa nimeyapanga. Kilichotoka ni, "Redio imepoteza sauti."

"Hee," akasema. "Ndiyo maana. Na mimi nasikiliza hiyo hiyo, kwa ukuta. Niko na dada kule Walikale."

Halafu akaangalia mulango, akaangalia ukuta wake, uliochubuka pale ninapogonga. Akasema polepole, "Bahati aliniambia wewe ulikubali. Aliniambia motokari hii mbovu, utaitoa kabla sijajenga. Nilijenga mwezi mzima, nikingoja uje uniambie kitu. Hukuja. Nikasema, basi amekubali kweli."

Papa Neema, ni kweli sikwenda. Nilikuwa ndani, nimefunika uso, nikisikia mawe yakipangwa, na nilingoja mutu aje aniulize. Yeye alingoja niende. Sijui kama ningekwenda ukuta usingesimama. Labda ungesimama tu. Lakini sikwenda.

Nikamueleza habari ya waya, kwamba bila kufungua mulango wote siwezi kuifikia. Akazunguka motokari kama mutu anayenunua mbuzi. Nyuma kuna ile nafasi kabla ya choo, unaikumbuka. Akasema tukiisukuma hatua tatu, mulango utavuka pale ukuta unapoishia. Matairi yamelala, nikasema, haitasogea. Akaita binti zake wawili. Nikatoa breki ya mukono, nikaweka gia huru kama ulivyokuwa unafanya, tukaegemea pua wanawake wane, pale kwenye mawe, kwa sketi. Mara ya kwanza haikutingishika. Mara ya pili Mama Zaina akaanza kuhesabu kwa sauti ya sokoni, ikajivuta hatua moja. Tulipofika hatua ya tatu nilikuwa na jasho hadi kwenye viatu. Nikafungua mulango wako. Ukafunguka wote! Nilikuwa nimesahau kwamba unalia pale mwisho.

Yeye alishika tochi. Alikuwa anaishika kwa uso wangu, na nikasikia mudomo wangu ukisema, "Kwa waya, Mama Zaina, kwa waya." Nikakata pale palipochubuka, nikasokota shaba na shaba, nikafunga kwa kipande cha kitambaa. Hakukuwa na kitu kingine. Nikawasha. Nilikuwa nimesahau kwamba bafle ziliponyamaza mara ya pili nilizungusha sauti hadi mwisho. Wimbo ulitulipukia wote wane, binti yake mudogo akaanguka kwa matako, na sisi tukacheka hadi nikalazimika kushika mulango. Halafu kicheko changu kikageuka kuwa kilio. Mama Zaina alipunguza sauti tu.

Kitambaa hakitoshi kwa waya, mvua moja na kinaoza. Ilihitaji skochi nyeusi, ule utepe wa kufungia waya, na duka la karibu liko Mapendo. Akasema, "Twende basi, jua lingali juu." Akaanza kutembea, akaingia kwenye njia, akapita jikoni yake, akageuka kuona kama nafuata. Nilisimama pale kwenye kona. Ni hatua kumi na mbili, nilizihesabu. Nikazipita. Nje kulikuwa na vumbi na moto-taksi na watu wengi sana, na jua lilinichoma macho kama niliyetoka hospitali.

Leo Jumamosi Bahati amekuja na watu wawili na misumeno. Redio ilikuwa inalia, sauti ya kati. Kabla sijafungua mudomo, Mama Zaina alitoka jikoni, akajifuta mikono, akamuuliza, "Papa, uliniambia huyu mama alikubali. Alikubali lini?" Bahati akaangalia chini. Nikamuambia motokari haikatwi mpaka Neema afike, tukae sote, na karatasi yake aje nayo. Akasema tutaona. Akaondoka na watu wake. Anaweza kurudi, namujua. Sijui nitafanya nini siku hiyo.

Sitaki nikudanganye kwamba mambo yametengenezeka. Nilimuuliza Mama Zaina kama anaweza kubomoa kona ile. Akasema hana nguvu ya kujenga mara ya pili. Ukuta utabaki. Motokari itabaki nyuma yake, na nikiamka kesho nitaona mawe yale yale. Barabara ya Masisi nayo imefungwa, walitangaza tena jana, nilisikia vizuri kwa bafle zote nne. Lile nililokuahidi juu ya vilima vyenu, siwezi kulifanya, Papa Neema. Nimelishindwa. Unisamehe.

Ila kesho ni siku ya Mungu. Baada ya misa nitakuja huko uliko, kwa miguu yangu. Mama Zaina ameniazima jembe dogo. Nakuahidi hilo tu, na Jumapili zote zitakazofuata, motokari itoke isitoke. Nikikosea kaburi mara ya kwanza usicheke, tulikuzika haraka na sikuangalia vizuri. Nitauliza watu.

Kaa na Mungu. Nakuja.

Mama Neema wako