Picha Zako Mtandaoni

Kaka,

Sisi wazima. Bati la jikoni limezibwa, na mama anakusalimu kuliko unavyostahili.

Unauliza kwa nini mwanao Chiriku hapokei simu zako. Juzi mwanamume alimngoja nje ya shule. Akamwita Chiriku, jina letu la nyumbani, akamwambia, "Baba kanituma nikuchukue. Na paka wako tumemnunulia kengele." Mtoto akaingia garini. Mwalimu wake ndiye aliyemchomoa, gari likatimka.

Nilipomuuliza kwa nini alimwamini, akajibu, "Shangazi, alijua kila kitu."

Angekosaje kujua, nawe umeyabandika yote mtandaoni: sare, lango la shule, paka, hata kitanda anacholalia? Nilikukanya, ukanicheka: "Acha ushamba, watu wanampenda." Hongera, mzee wa mashabiki. Umempatia wapenzi.

Zifute picha hizo leo, zote. Simu yako ikiita, mtoto anajificha nyuma ya cherehani yangu. Jana aliniuliza, "Kweli baba alimtuma?" Nikamwambia hapana, lakini ulimi ulikuwa mzito.

Dada yako,
anayekulelea.