Koti la Shabiki Asiyejulikana

Lorna, uko? Nimetoka makumbusho ya hapa Preston sasa hivi, bado nina hasira.

Wameweka maonyesho ya punk, ule muziki wetu wa fujo, nikaenda na Trudy wa bendi yetu. Miaka thelathini kaimba vyumba vya nyuma vya baa mpaka sauti ikakwaruza, redio haijawahi kupiga wimbo wake hata siku moja, na leo tunakuta nini kwenye kabati la kioo? Koti lake. Lile la ngozi alilomvika zamani yule binti aliyekuwa anatetemeka kwa baridi nje ya baa.

Kibao kinasema: "Koti la shabiki asiyejulikana."

Shabiki, Lorna. Shabiki.

Trudy akamwita msimamizi, kidada fulani cha skafu. "Hili koti langu. Mimi ndiye mwimbaji wa bendi ya Mende."

Kikatabasamu. "Lakini mgongoni kuna majina ya bendi nyingine tu, mama. Lingekuwa lako, lingeandikwa Mende."

"Nani anajiandika mwenyewe mgongoni? Mimi mchezaji mpira? Unaandika bendi za wenzako, wenzako wanaandika yako."

"Sawa mama, tutafanya utafiti."

Utafiti. Na mwenye koti kasimama mbele yake.

Basi Trudy akafumba macho, akauimba ule wimbo uliotunga wewe wa kumsema mwenye nyumba, wote, na matusi yake yote. Mimi nikampigia ngoma kwenye kioo kwa ngumi. Nikajua sasa tunatupwa nje kama zamani.

Watu wakapiga makofi.

Na kile kidada kikaja mbio, kikamshika mkono: "Mama, unaweza kurudia saa nane? Kuna wanafunzi wanakuja."