Masale ya Mzee Eliezeri

Jumapili, 12 Januari 2025

Wiki mbili na siku moja tangu niwe mke wa Lucky! Kanisani alinishika mkono kuanzia wimbo wa kwanza mpaka matangazo. Mama mkwe akakohoa. Hakuuachia — huyo ndiye mume wangu.

Mchana mkutano wa mtaa kuhusu barabara. Barabara yetu! Siku ya harusi gari lilikwama kwenye utelezi, Lucky akanibeba mgongoni mpaka juu, shela likifagia tope. Nilicheka njia nzima. Ila kabati la vyombo alilonipa baba bado liko stoo Kiboriloni. Hakuna fuso inayokubali kupanda huku.

Mwenyekiti wetu, Primus, ameeleza vizuri. Kila lita ya mafuta Lucky anayoweka kwenye pikipiki yake ya maziwa ina hela ya barabara ndani yake. Inakwenda kwenye mfuko, mfuko unagawanywa, na manispaa ina barabara nyingi kuliko hela. Inayotangulia ni ile isiyo na mgogoro. Fidia hakuna. Kila mwenye kihamba, shamba la ukoo, kando ya njia atoe mita mbili, kama hatua tatu, njia ipanuliwe, na asaini. Kumi na mmoja. Karatasi ifike Ijumaa saa sita, kabla hawajafunga bajeti. Akikosekana hata mmoja, mpaka mwaka kesho.

Mama mkwe kasaini wa kwanza. Mzee Eliezeri, jirani yetu ng'ambo ya njia, kasema hana miwani, atasaini kesho.

Mwaka kesho? Hapana. Ni mwaka huu.

Jumanne, 14 Januari

Nimeharibu.

Mpimaji wa manispaa anakuja kesho, nikaona nimrahisishie kazi. Alfajiri nikatoka na panga, nikafyeka vichaka pande zote mbili za njia. Ukingoni kwa Mzee Eliezeri kuna mstari wa majani marefu kama ya mahindi. Nikayang'oa na mizizi yake. Nilidhani ni maua!

Mama mkwe akatoka na kikombe cha uji. Akakiweka chini.

"Mwanangu, umeng'oa masale."

Kumbe masale ndiyo mpaka. Baba yake Mzee Eliezeri aliyapanda siku alipopatana na babu yake Lucky, baada ya miaka ya ugomvi wa njia hii hii. Hakuna mtu anayeyagusa. Mimi nimekulia Mabogini! Kwetu mpaka ni tuta la jaruba la mpunga, maji yakilibomoa unaliziba kesho yake.

Mzee akaja, akatazama mashimo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, basi. Akamgeukia Lucky.

"Mke wako ameshachukua mpaka. Sasa nisaini nimpe na shamba?"

Jumatano, 15 Januari

Kumi wamesaini. Mpimaji alifika kwa Mzee akakuta lango limefungwa.

Bombani wanawake wameshanipa jina — Greda. Eti greda limefika, bado barabara tu. Nikacheka nao. Ndoo ikawa nzito kupita siku zote.

Lucky naye alicheka, kisha akaona uso wangu. Akaniosha miguu yenye vumbi, yeye mwenyewe, kwa maji ya moto. Nampenda mpaka naogopa! Akasema ataenda kwa Mzee kwa niaba yangu.

Nimekataa. Nimeng'oa mimi.

Alhamisi, 16 Januari

Mama mkwe kanifundisha. Kwao msamaha huombwa kwa jani la isale lililofungwa fundo, na anayelipokea hawezi kukufukuza. Lakini lazima upeleke mwenyewe. Na usitaje barabara, kasema. "Isale si hongo."

Yale niliyoyang'oa nimeyatia kwenye ndoo ya maji. Kumi na moja. Yote bado ya kijani!

Ijumaa, 17 Januari

Naandika nimekaa kwenye jiwe langoni kwa Mzee Eliezeri. Karatasi ya saini aliyonipa Primus iko mkobani pamoja na daftari hili. Sijaitoa.

Alipokea jani kwa mikono miwili. Nikasema sikujua, nisamehe baba. Akalitia mfuko wa koti. Akachukua mtaimbo, akaniambia nibebe ndoo.

Tukafika kwenye mashimo ya zamani. Nikapiga magoti nipande. Yeye akayapita. Akaenda ndani kwenye kihamba chake, hatua moja, mbili, ya tatu — akasimama katikati ya migomba na kuchimba.

"Leta."

Nikaleta la kwanza, nikalitia shimoni.

"Shika wima. Huo si mpunga."

Tumepanda manne, yote kwenye mstari ule mpya. Sasa amekwenda kuchota maji ya kumwagilia. Ni saa tano kasorobo, Primus anapiga honi kule chini, anasubiri karatasi. Mzee ametokea. Mkono mmoja ndoo — na machoni amevaa miwani.