Nyusi Yangu Ilifukuza Bakwe

Mama Constance wa redio, mupendwa wetu, naomba musaada, lakini unisikie mupaka mwisho mbele ya kucheka. Miye ni mama wa commune ya Kenya, mutaa wa hapa muji, si ile inchi, nauzisha unga, na tangu niko mutoto sura yangu inakunjamana bila hasira, bantu bananiuliza "Mama, nani amekukosea?" hata siku ya Noeli, na wakati binti yangu Précieuse alipata muchumba, kijana moja Bénit, akaniambia, "Maman, siku bakwe batakuja na dot ya mahari, ucheke kidogo, tafazali, utabaogopesha," na ile neno ikaniingia mu roho, nikamudanganya baba Précieuse kusema naenda kutafuta unga ngambo ya mupaka, kule Kasumbalesa, kumbe naenda kwa munganga wa kupasua, akanivuta ngozi ya kipaji ya uso na nyusi juu, nikarudia na kitambaa ku kichwa bila hata mufuko moja. Bwana akauliza unga iko wapi, nikamujibu bei imepanda, akaniangalia sana akasema, "Ndiyo, naona imepanda kweli."

Sasa naamuka nashangaa, nakula nashangaa, ku matanga ya jirani nilishangaa mupaka benye kufiwa bakaniuliza kama sikujua marehemu alikuwa mugonjwa.

Na siku ya dot ikafika. Kwetu mama ya binti hasemi kintu siku ile, anaikaa kimya, na yaya yangu Edmond, kaka yangu mukubwa mwenye kusemea familia, anamuangalia mu sura mbele ya kujibu. Bakwe bakaweka vikwembe, vile vitenge vya dot, yaya akaniangalia, akaona nyusi iko juu, akasema, "Mama anashangaa, muongeze." Bakaongeza bulangeti, nyusi juu. Bakaongeza mbuzi, nyusi juu, na miye mu roho nilikubali tangu kikwembe ya kwanza. Mama ya Bénit, Mama Abigaïl, akasimama, akasema, "Huyu mama anatuangalia sawa vile tumeleta panya," bakafunga bintu yabo, bakaenda na mbuzi yabo. Bénit hapigi tena simu. Précieuse analia mu chumba, anasema nimemuvunjia ndoa juu ya kiburi, na siri hakuna mwenye anaijua, hata yeye. Nirudie kwa munganga ashushe hii nyusi, ao niendelee kukaza kitambaa mupaka ishuke yenyewe?

Miye, Mama Mwenye Kushangaa

Mama Constance anajibu:

Mama, nilijaribu kusikia mupaka mwisho, ku panya nikashindwa, unisamehe. Sasa nisikie weye.

Kitambaa, toa leo. Kidonda haikazwe sawa vile mufuko wa unga. Na kisu ya pili, hapana kwanza. Sura yenye imepasuliwa juzi ingali na muvimbo, inaomba miezi mbele ya kuikaa pahali yake. Rudia kwa ule munganga akuangalie, umuambie wazi hukupenda, umuulize nini itashuka yenyewe na nini haitashuka. Akikosa jibu, tafuta munganga mwingine. Na safari hii umuambie bwana yako kwenye unaenda. Muuzaji wa unga kuenda kutafuta unga na kurudia mikono mitupu, ulifikiri nani ataamini?

Lakini shida yako kubwa haiko ku nyusi. Mutoto wako analia, anafikiri mama yake alizarau muchumba, na weye uko na jibu chini ya kitambaa. Aibu ni yako, lakini mwenye anailipa ni Précieuse, na hiyo ni mubaya kabisa.

Leo magaribi umuite, umuonyeshe kovu. Atakasirika, kisha atacheka, umuache afanye yote. Kesho mubebe kuku, muende na yaya Edmond kwa Mama Abigaïl, na uongee weye mwenyewe, kichwa wazi. Akikufungulia mulango atafikiri unashangaa nyumba yake. Endelea tu kuongea. Mama mwenye aliogopa kufukuza bakwe mupaka akakubali kisu, ule si mama wa kiburi, na mama mwenzake atasikia ile. Dot ikirudia, yaya Edmond aache kusoma sura. Aangalie mikono: ukiiweka ku magoti, umekubali.

Na ingine moja, Mama. Précieuse hakukuomba nyusi. Alikuomba ucheke. Mudomo, munganga hakugusa.