Ndaga ya Baba Atupele

Jumatano

Bado simwamini. Nilipokuwa naumwa, jirani yangu Baba Atupele alipalilia mpunga wangu wote hapa Ngonga, wala hakuombwa. Leo nimempelekea mkungu wa ndizi, nimshukuru na pia nimchunguze.

Kabla sijafungua mdomo, akasema yeye, "Ndaga, mama."

"Asante ya nini, baba? Aliyefanya kazi si wewe?"

"Tangu Mama Atupele afariki, sikuwa na cha kuniamsha asubuhi."

Siku zote nasema mtu hatoi bila kutaka kitu. Kumbe na yeye alitaka. Labda maisha ndiyo hayo, kuwa na cha kukuamsha.

Kesho nitaukagua mpaka wa shamba. Nikiukuta palepale, nitamwachia na kona yangu ya migomba kule mtoni apalilie.