Siku Lipiko Alipotiwa Pingu

Alhamisi. Mawingu tangu asubuhi, mvua inatutisha tu, hainyeshi. Magoti yangu yanasema itanyesha, na magoti yangu hayajawahi kusema uongo.

Leo nimesalimiwa na mtu asiye na uso.

Nilikuwa kwenye bajaji, natoka sokoni mjini kurudi nyumbani Mtawanya, na pweza wangu kikapuni. Njiani askari wameweka kizuizi. Siku hizi kule mpakani, upande wa mto Ruvuma, hakujatulia, na askari wamekuwa wengi. Hawa wa leo walishika bunduki kubwa, na vitambaa vyeusi vimewafunika hadi puani, macho tu ndiyo yanaonekana. Mmoja akaja kwenye bajaji, akainama, akasema, "Shikamoo, bibi." Nikaitikia marahaba. Hawakunikosea adabu hata kidogo. Walichungulia kikapu, wakamcheka pweza, wakatupa njia.

Lakini moyo umekataa kutulia. Nimefika nyumbani nimemwita mjukuu wangu Mwajuma, ambaye ndiye anayenichapia kwenye hii blogu kwa sababu macho yangu na simu hatupatani, nimemwambia: pweza atasubiri, leo andika habari za lipiko.

Nimezaliwa Mpapura. Ninayoyasema ni ya miaka ya hamsini, bandari ya Mtwara ikiwa bado mpya, mimi msichana mkubwa, posa zimeanza kubisha hodi. Ee, Mpapura ile! Mikorosho bado midogo, muhogo umeanikwa juu ya mapaa, na askari tuliyemjua ni mmoja tu: Koplo Mbawala.

Alikuwa Mngoni wa Songea, mwenye baiskeli, filimbi na kirungu ambacho sikuwahi kukiona kikimpiga mtu. Alijitangaza mwenyewe kuwa mtani wetu, na utani wake haukuwa na breki. Akipita nyumbani alimwambia mama, "Shemeji, leo nimekuja kukukamata kwa kupika vizuri." Mama naye humjibu, "Nikamate, ila ule kwanza." Tulijua kikohozi chake. Tulijua siku amegombana na mkewe, maana kaptula yake haikupigwa pasi. Nikimkumbuka natabasamu peke yangu kama mwehu.

Kisha wakaja wezi.

Ile bandari ilileta kazi, na kazi ikaleta watu wa kila namna. Likazuka kundi lililovunja maghala na maduka, wamejifunga kaniki usoni, wanavusha mali ng'ambo ya mto kwa Wareno. Mlinzi mmoja alipigwa nondo akapoteza jicho. Hatukulala kwa raha. Kwa hiyo nisiwasingizie wakubwa wa wakati ule: sisi wenyewe tulilia tuletewe askari wenye bunduki. Koplo na kirungu chake, tulisema, maji yamemzidi unga.

Tukaletewa. Walikuja na lori, vijana wa mbali tusiowajua, na bwana mkubwa mpya, Mzungu kijana mwenye masikio mekundu. Ikatoka amri: yeyote atakayeonekana amefunika uso akamatwe.

Amri nzuri tu. Ila aliyeitunga hakujua kwamba mwezi ule watoto wetu walikuwa wanatoka jandoni.

Mdogo wangu alikuwa mmoja wao. Na watoto wakitoka jandoni, kwetu Wamakonde, lipiko hucheza. Ni mcheza kinyago, amevaa sura ya mti, mwili wote umefungwa nguo. Sisi wanawake tuliambiwa lipiko si mtu, ametoka makaburini. Nani yumo ndani ni siri ya wanaume. Akifunuliwa mbele ya wanawake ni aibu isiyofutika, kwake na kwa jando zima, na wale watoto wangeishi wakichekwa kwamba hawakutoka jandoni sawasawa.

Siku yenyewe ngoma imekolea, vigelegele, mdogo wangu ameng'aa kwa mafuta na shuka mpya. Mara lori. Wakaruka chini, wakamzunguka lipiko. Bwana mkubwa akaamuru kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Toa hiyo! Onyesha uso!"

Ngoma ikakatika.

Wanaume wa jando wakasogea, na baadhi yao walikuwa na mapanga. Wale vijana wakainua bunduki. Mama akanishika mkono, kucha zikaniingia. Niliogopa damu. Lakini nikiwa mkweli, niliogopa zaidi ile sura ya mti isije ikaanguka nikaona ambacho sikutakiwa kuona.

Ndipo kengele ya baiskeli ikalia. Koplo Mbawala, jasho limemlowesha, akaitupa baiskeli chini, akapiga saluti.

"Bwana mkubwa, amri inasema akamatwe aliyefunika uso. Haikusema afunuliwe hapa. Niachie mimi nimkamate kama alivyo."

Hakungoja jibu. Alimgeukia lipiko kwa sauti ya kituoni kabisa. "Wewe, Lipiko! Uko chini ya ulinzi. Lete mikono."

Lipiko akaleta mikono. Pingu zikafungwa juu ya nguo. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Huyu wetu alitunzwa pingu.

Kisha mzee mmoja mpiga ngoma akagonga mara moja, na lipiko, na pingu zake, akatingisha kiuno.

Basi! Kijiji kizima kilicheka. Tulimsindikiza mpaka kituoni pale karibu na soko, sisi wanawake nyuma tunaimba, watoto wa jando katikati, Koplo mbele anasukuma baiskeli, na bwana mkubwa ndani ya lori lake anatufuata mwendo wa kinyonga. Kituoni mlango ulifungwa, wakaingia wanaume peke yao. Huko ndani alifunuliwa, wakaona si mwizi, akatolewa kwa mlango wa nyuma. Sisi tulirudi nyumbani tukaambiwa lipiko amerudi makaburini.

Sasa niseme ambalo sijawahi kulisema.

Baba alikuwa ameaga tangu juzi yake kwamba anakwenda Kitaya kumwona mjomba wake. Baba akichoka huuburuta kidogo mguu wa kushoto. Na lipiko, alipokaribia kituo, alianza kuuburuta mguu wa kushoto.

Magharibi baba akarudi "kutoka Kitaya". Mama alimwekea beseni la maji ya moto na chumvi bila kuombwa. Baba akatia miguu humo, akauliza, "Eti leo kulikuwa na vurugu?" Mama akajibu, "Kidogo." Nikainamia mboga nilizokuwa nachambua ili asinione usoni. Nilimpenda baba siku ile kuliko siku zote, na mama pia, na sikuweza kumwambia yeyote.

Wale wezi walikamatwa baadaye. Si kwa lori. Mke wa mmoja wao alichoka, akamnong'oneza Koplo sokoni, wakiwa wanatupiana utani wa samaki. Lakini haikumsaidia. Bwana mkubwa hakusahau alivyochekwa. Koplo alivuliwa tepe, akahamishiwa mbali, na mama alimfungia mkewe unga wa muhogo wa safari huku akilia waziwazi.

Walioletwa baada yake walikuwa wengi na hodari kwa kuruka kutoka kwenye lori. Wezi wengine walipozuka, sisi tulikuwa tumeacha kunong'ona. Ungemnong'oneza nani?

Zamani zile aliyefunika uso alikuwa mwizi au mcheza ngoma, na askari alikuwa na uso wazi. Najua wa leo wana sababu zao. Wana wake zao na mama zao wa kuwalinda wasilipiziwe kisasi, na hao wanaotafutwa si wezi wa maghala. Siwalaumu. Nasikitika tu.

Na kuna jambo moja. Yule aliyenisalimu, alipogeuka kurudi kwenye kizuizi, nilimtazama anavyotembea. Bega moja juu, kisigino kinagusa taratibu. Mwendo ule naujua. Mwenyewe alijifunzia kutembea hapa uani kwangu, ameshikilia kanga yangu asianguke.

Mwajuma ameacha kuchapa. Ananiuliza, "Nani, bibi?"

Nimemwambia akamtie pweza jikoni.

Kesho au keshokutwa atapita hapa mlangoni, uso wazi, atasema shikamoo bibi. Nami nitamwitikia marahaba, mwanangu, siku nyingi hatujaonana.